Kitambaa Kibichi Kwenye Mdomo wa Silikoni

Maneno Mama Pacha aliyasikia bombani asubuhi, alipokwenda kuteka maji. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliegemea ukuta wa chumbani kwake, umeme ukamrusha. Maji ya mvua yalikuwa yamepenya mpaka kwenye soketi. Wengine walisema yuko hospitali. Wengine walisema hakufika.

Mama Pacha alirudi nyumbani na ndoo nusu. Maji mengine aliyamwaga njiani bila kujua.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha watoto. Pembeni mwa dirisha, kati ya fremu na ukuta, kulikuwa na ufa. Mvua iliyopita, maji yaliteremka hapo taratibu. Chini ya ufa, soketi. Chini ya soketi, kitanda cha wanawe pacha. Na nje mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Alikumbuka tyubu ya silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa. Mumewe aliifungua mwezi uliopita, alipoziba ufa wa sinki, akamwachia yeye aitunze. Naye aliitunza. Aliufunga mdomo wa tyubu kwa kitambaa kibichi, na kila baada ya siku mbili alikilowesha tena. Unga uliokandwa si hufunikwa hivyo usikauke?

Aliipachika kwenye bunduki yake ya kusukumia, akaminya. Wapi. Akaminya mpaka kiganja kikamuuma. Mdomo ulikuwa mgumu kama kwato.

Wifi yake alikuwa mlangoni anakunja nguo.

"Hiyo imeshakufa, wifi."

"Leo usinitajie kufa."

"Haya, imelala. Iamshe kwa moto. Ipitishe juu ya jiko la gesi, italainika kama mshumaa."

Mama Pacha akawasha jiko. Ufa ulimtisha kuliko moto.

"Nani anapika plastiki humu?"

Alikuwa jirani yao, fundi wa madirisha. Mtaa mzima humwita Mama Vioo. Alikuja kurudisha ngazi. Kuona tyubu juu ya moto, aliitupa ngazi chini, akazima jiko kwanza. Salamu zilikuja baadaye.

"Shoga yangu, mdomo umeziba. Ndani ikichemka itatokea wapi?"

Mama Pacha aliigeuza tyubu mkononi.

"Itapasuka ubavuni, ikurukie usoni."

"Mama Vioo, ya bombani umeyasikia? Soketi iko juu ya vichwa vya wanangu."

"Nimeyasikia. Sijui kama ni kweli. Lakini maji na umeme vitaua hata kama yule mama ni wa kutungwa. Swichi kuu iko wapi? Tuanze hapo."

Walizima umeme. Walisogeza kitanda. Kisha Mama Vioo akaifungua pua ya tyubu, ile sehemu nyembamba ya mbele, akaitoa. Alizungusha skrubu ndefu kwenye silikoni iliyoganda shingoni, akaivuta kwa koleo. Ilichomoka kama kizibo cha chupa. Nyuma yake kulikuwa na silikoni nyeupe, laini kabisa.

"Kumbe mzima," wifi akasema.

"Mzima, na mlitaka kumchoma."

Wifi akacheka. Mama Pacha hakuweza.

"Lakini niliilowesha kila siku ya pili," alisema.

"Ndiyo ikaganda. Silikoni si unga. Unga hukauka maji yakitoka. Silikoni hukazwa na unyevu, hata ule wa hewani. Wewe ulikuwa unainywesha sumu yake."

"Na ile nyeupe ya kujazia nyufa, inayopakwa rangi juu?"

"Ile ni ya maji, hukauka kwa hewa. Lakini zote mbili, ukiacha mdomo wazi umezipoteza."

Walifuta ufa mpaka ukawa mkavu, wakatia pua mpya aliyoitoa Mama Vioo mfukoni, ncha yake wakaikata sawa na ufa, wakauziba. Walipomaliza, Mama Vioo alilegeza bunduki ili silikoni isiendelee kutoka. Aliingiza skrubu ndefu kwenye pua mpaka silikoni kidogo ikajitokeza pembeni, akaiacha igande pale iwe kifuniko. Juu yake alifunga nailoni na kuikaza kwa selotepu.

"Weka kabatini, pakavu, pasipo jua. Ufa usiuguse siku nzima. Watoto walale kwako. Umeme wa chumba hiki usiwashwe mpaka fundi umeme aione soketi."

Fundi umeme alikuja kesho yake. Alipoifungua soketi, ndani mlikuwa na kutu na tone la maji. Alimwonyesha Mama Pacha, akaibadilisha bila kusema mengi.

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Mama Pacha alikwenda kuutazama ukuta mara kumi, mikono ameificha mgongoni. Ukuta ulibaki mkavu.

Wiki sita baadaye ulitokea ufa mwingine, dirisha la jikoni. Alichomoa skrubu, akaminya mara moja. Silikoni ikatoka laini.

Yule mama wa mtaa wa pili, Mama Pacha hakuwahi kumjua ni nani. Lakini haya ameyabandika ndani ya mlango wa kabati:

Usiache mdomo wa tyubu wazi, hata kwa chakula cha mchana.

Usiuzibe kwa kitambaa, kikavu wala kibichi. Wala karatasi.

Usikate pua kubwa kuliko ufa.

Usiiweke juani, wala karibu na jiko.

Usiihamishie kwenye chupa ya chakula. Mtoto hajui.

Ikiganda, usiipashe moto.

Usizibe ufa uliolowa.

Usipapase ukuta wenye maji ili kuona kama una umeme. Mikono ikiwa mikavu, zima swichi kuu. Ita fundi. Watoe watoto kwanza.