Bawa la Kushoto

“Nataka kitani, mita arobaini,” kijana mmoja alimwambia mwenye duka, wateja wakisukumana nyuma yake.

Fundi cherehani aliyebanwa ubavuni pake, binti wa gauni la manjano na futi shingoni, hakujizuia. “Kaka, unamshonea nani, tembo?”

“Ndege. Ya vita. Tumeitoa kinamasini, tunaitengeneza ikae makumbusho. Mabawa yake yalikuwa ya kitambaa.”

Wiki mbili baadaye binti alikuwa karakanani akishona bawa la kulia, maana la kushoto halikuwa limeonekana, naye ameshampa kijana jina: Rubani, ingawa hata kupanda stuli kulimtia kizunguzungu. Mapenzi yakanoga. Mama wa binti akamkubali mkwe, wakakubaliana harusi ifungwe ndege ikikamilika.

Lo! Ndege gani hiyo isiyokamilika? Mara mkia umeoza, mara injini imejaa mchanga. Harusi ikasogezwa, ikasogezwa tena, miaka miwili ikakatika. Mashangazi wakachoka hata kuuliza.

Adhuhuri moja simu ikalia kwenye duka la ushonaji la binti.

“Mpenzi, usikasirike.”

“Nimeshakasirika. Sema.”

“Bawa la kushoto limepatikana! Mbavu zake zote nzima! Tusogeze kidogo tu, miezi sita…”

“Rubani, ioe hiyo ndege. Itakuzalia helikopta.”

Akakata. Simu ikaita mara tisa, hakupokea. Alishona kola upande, akaifumua, akaishona upande tena. Machozi ya hasira yalimtiririka, wala hakuyafuta.

Saa kumi Rubani akaingia anahema, ovaroli imejaa tope hadi magotini.

“Nimemwambia mkurugenzi ndege ionyeshwe na bawa moja. Hilo la pili litangoja.”

“Na mimi je?”

“Wewe umengoja vya kutosha. Tufunge ndoa Jumamosi hii.”

“Jumamosi! Sina gauni!”

“Fundi mzima, miaka miwili, huna gauni?”

“Ningelishona kwa imani gani?” Akaisukuma kola pembeni. “Kila ulipotaja tarehe nilikuitikia tu. Sikukuamini hata siku moja.”

Miaka yote hiyo Rubani alikuwa akihesabu mbavu za ndege, na hili hakuliona. Aibu ikamshika.

“Nisamehe, mke wangu.”

“Sijawa mkeo.” Akafungua kabati, akatoa kitambaa cheupe, akakikung’uta mezani. “Haya, nipishe na matope yako. Nina siku nne tu.”