Karatasi Nyeupe za Mlima Oldeani

Yaliyompata jirani yetu Yohani Tluway wa Endabash aliyasema mwenyewe mara moja tu, kwa mkewe Hyasinta. Hyasinta ndiye aliyetusimulia sisi.

Mwaka 1983 Yohani alikuwa na mwaka wa sita kwenye mradi wa kupima hewa, msituni juu ya mlima Oldeani. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Watafiti walitaka kujua kama moshi na vumbi la huku chini hupanda mpaka kwenye msitu wa hifadhi. Kikajengwa kibanda cha mbao, ndani ikawekwa pampu ndogo ya kutumia betri ya lori. Pampu ilivuta hewa ya nje ikaipitisha kwenye karatasi nyeupe ya duara, upana wa kisahani cha chai. Kila asubuhi karatasi ilitolewa, ikatiwa kwenye bahasha, ikaandikwa tarehe na jina la aliyeiweka, kisha ikapelekwa Arusha kupimwa uchafu.

Njia ya kwenda kibandani aliifyeka Yohani kwa panga lake. Betri ya kwanza aliipandisha yeye, mgongoni. Wageni walipokuja, yeye ndiye aliyewaonyesha zile ndevu za kijivu zinazoota na kuning'inia kwenye miti ya baridi, akawaeleza kuwa hewa ikichafuka ndizo hufa kwanza. "Muulizeni Yohani," watu walizoea kusema.

Kisha akaja Nikodemu, kijana wa Machame, mwenye cheti cha kidato cha sita. Baada ya miezi minane watu wakawa wanasema, "Muulizeni Nikodemu."

Kilichomuumiza Yohani zaidi ni kwamba kijana mwenyewe hakuwa na baya. Alimwita kaka, akampokea mzigo njiani. Metui, mlinzi wa Kimaasai ambaye kwa miaka sita hakumpa Yohani zaidi ya salamu, alicheka na Nikodemu mpaka wakashikana mabega. Hata Hyasinta alipomwona alisema, "Huyu kijana ana adabu, halafu ana maneno matamu." Jioni hiyo Yohani alisukuma sahani pembeni.

Julai ikaja barua. Mradi ungempeleka mtu mmoja ng'ambo, masomo ya mwaka mzima. Jina lilikuwa la Nikodemu.

"Soma, kaka Yohani! Soma mwenyewe," alisema akimpa barua kwa mikono miwili.

Yohani akaisoma mara mbili, akampongeza. Taya zilimuuma kwa kutabasamu.

Asubuhi iliyofuata alipanda peke yake. Karatasi iliyokuwa kwenye pampu aliiweka Nikodemu jana yake, na ilikuwa bado nyeupe pee. Nyuma ya kibanda palikuwa na mti mkubwa wenye uwazi shinani. Metui aliwahi kuwakataza kuugusa, hata matawi yaliyoanguka yenyewe. Hakusema kwa nini. Lakini ndevu zake zilikuwa ndefu, kavu, na zilifikika kwa mkono. Yohani akanyofoa fungu, akalichoma kwenye kopo la maziwa, akaishika karatasi juu ya moshi.

"Chafuka," akanong'ona. Hakujua kama anaiambia karatasi au mtu.

Karatasi ikageuka kijivu, kisha moshi haukupanda tena. Ulilala chini, ukatambaa juu ya majani, ukaingia kibandani kwenye ufa wa mlango kama kitu kinachorudi kwao.

Alifanya hivyo mara tano ndani ya wiki tatu. Karatasi zake mwenyewe hakuzigusa. Kutoka Arusha likaja swali: kwa nini za Nikodemu tu ndizo chafu? Anavuta sigara kibandani? Safari ikasimamishwa mpaka ijulikane. Siku hiyo Yohani alikula ugali wake wote, akaomba mwingine.

Ndipo Nikodemu alipoanza kukohoa.

Katikati ya Agosti akalazwa hospitali, Karatu. Hyasinta alipika uji, akamlazimisha mumewe waende kumwona. Walimkuta ameketi kitandani, mabega yamepanda, anatafuta hewa kama mtu aliyezamishwa majini. Hyasinta alipotoka kuosha kikombe, kijana alimshika Yohani mkono.

"Kaka," akanong'ona. "Navuta hewa, haifiki. Kuna mtu anaivuta kabla yangu."

Akakohoa kwenye kitambaa cheupe. Alipokishusha, Yohani akaliona doa. La kijivu. La duara. Upana wa kisahani cha chai. Ukingoni lilikuwa na pengo dogo, palepale ambapo kibano cha pampu hushika karatasi.

Hyasinta aliporudi na kikombe, mumewe alishaondoka.

Alipata lifti ya lori la shamba la kahawa mpaka Oldeani, akapanda mlima karibu kwa mbio. Saa tisa alasiri alikuwa mlangoni. Ukungu ulikuwa umeshuka. Hakukuwa na ndege aliyelia. Ndani, pampu ilikuwa inafanya kazi.

Betri haikuwepo. Aliiteremsha yeye mwenyewe juzi, kwenda kuchajiwa.

Akasukuma mlango. Karatasi ilikuwa mahali pake. Kando yake palikuwa na bahasha, imeshaandikwa. Tarehe ya siku ile. Jina la Nikodemu. Mwandiko ulikuwa wa Yohani.

Katikati ya karatasi palikuwa peusi, na weusi ulikuwa unatanuka. Ulibaki ukanda mweupe ukingoni, upana wa kidole. Pampu ikavuta. Ikaachia. Ikavuta. Haukuwa mlio wa mashine. Ulikuwa mlio wa kifua.

Aliishika karatasi aing'oe. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na majimaji. Haikutoka.

Hapo, alimwambia mkewe, wivu ulimshika kuliko siku zote. Angeweza kuurudishia mlango tu. Ashuke zake. Weusi ufike ukingoni. Wiki ijayo wageni wangekuja, na watu wangesema tena, "Muulizeni Yohani." Alisimama akiliwaza hilo. Ukanda mweupe ukawa mwembamba kama uzi.

Nyuma ya kibanda, kwenye uwazi wa ule mti, kitu kilivuta pumzi ndefu. Kikangoja.

"Mwache," Yohani akasema. Akarudia. "Mwache. Vuta yangu."

Akachukua kalamu. Akalikata jina la Nikodemu kwenye bahasha. Akaandika lake.

Pampu ikanyamaza. Kisha ikavuta tena, mara moja tu.

Metui alimkuta jioni, ameketi katikati ya njia. Walishuka pamoja, lakini mlinzi alitembea mbali naye, na kila Yohani alipogeuka kumtazama, alifunika pua kwa shuka yake.

Kesho yake Nikodemu aliomba chakula. Wiki haikuisha akaruhusiwa. Yohani alikwenda ofisini kwa mradi, akakiri kwamba karatasi alizitia moshi yeye. Akafukuzwa siku hiyohiyo. Mwezi wa kumi kijana alisafiri. Alipita Endabash kuaga, akamkumbatia Hyasinta. Yohani alimpa mkono tu, akaurudisha haraka.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja ya baridi kali, watu walitoka misa ya kwanza wakasimama nje ya kanisa kusalimiana. Kila aliyefungua kinywa, mvuke ulimtoka. Yohani alikuwa anaongea na Josephati, jirani yao. Hyasinta akamtazama Josephati. Akamtazama mumewe. Akatazama tena, kwa muda mrefu.

Asubuhi ya Jumatatu, kumeshapambazuka na mumewe bado amelala, alichukua kioo kidogo cha kujitazamia akakishika karibu na pua ya mumewe. Kifua cha Yohani kikapanda. Kikashuka. Kikapanda. Hyasinta akahesabu mpaka mia.

Kioo kikabaki kikavu.