Seva Iliposema Salama

Kila sekunde, seva iliyoitwa Mlinzi iliwauliza wagonjwa elfu kumi na moja wa jiji la Mbeya hali zao, nao hawakujua kama wameulizwa. Mioyobandia iliyodunda vifuani mwao ilijibu kwa namba. Kuzipima namba hizo haikuwa kazi ya seva. Ilikuwa kazi ya darasa, yaani kipande cha programu kilichoandikwa kwa Java, lugha kongwe ya kompyuta, kikawekwa nje ya seva ili kiweze kubadilishwa bila kuizima. Mlinzi huliita, darasa hupima na kurudisha jibu moja: salama au hatari.

Mhandisi Sekela Mwakalinga ndiye aliyeviunganisha viwili hivyo. Ndiye pia aliyembembeleza baba yake, mzee mbishi wa Uyole, akubali moyobandia. "Nitakuangalia mwenyewe, Baba," alimwahidi. Tangu hapo simu zake za asubuhi kwa mzee zilikoma; za nini, na mstari wa Baba uko kijani, rangi ya salama, kwenye kioo cha kompyuta?

Asubuhi hiyo Lusajo, mwenzake wa zamu, aliingia bila hodi.

"Dada Sekela, kuna mama amekutwa amefariki Iyunga. Majirani wanasema tangu juzi. Mbona huku anasomeka salama?"

Sekela alifungua mipangilio ya seva. Jumatatu, alipokuwa akijaribu muunganisho, aliandika darasa la majaribio: uliulize lolote, litajibu salama. Jaribio likaenda vizuri, watu wakapongezana, naye akasahau kuielekeza seva kwenye darasa la kweli. Leo ilikuwa Ijumaa. Siku nne seva ilikuwa ikidanganywa, na jiji zima pamoja nayo.

Kurekebisha ni mstari mmoja tu wa programu. Aliuandika, kisha kidole kikagoma. Aliogopa, tena aliogopa kama mtoto: kabla ya kubonyeza, Baba bado alikuwa kijani.

"Bonyeza, dada. Wapo tunaoweza kuwawahi."

Alibonyeza. Mistari kumi na tisa ikawa myekundu. Wa kumi na moja ulikuwa wa Baba.

Alimpigia simu. Iliita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa.

"Shikamoo, Baba! Unaendeleaje?"

"Marahaba... Salama tu... mwanangu." Alihema kati ya maneno kama anayepanda mlima. "Umepotea sana."

Sekela alimjua. Hata siku aliyoanguka sebuleni alisema salama tu. Alifunika simu kwa kiganja. Lusajo alikuwa amesimama mlangoni, redio ya magari ya wagonjwa mkononi.

"Magari yaliyopo ni mawili, dada. La kwanza nilielekeze wapi?"