Kidonge cha Kukaa na Shaban

Beseni la bati liligonga sakafu, na kabla ya adhana ya alfajiri Mwanajuma akajua kwamba binti yake ameanza tena. Akaenda na maji, akamshika Batuli paji la uso mpaka tumbo likatulia, akampangusa mdomo kwa upindo wa kanga yake mwenyewe.

— Anakuja leo, mama, Batuli akasema. — Nitamtapikia tena.

Aliyekuwa anakuja ni Shaban, mume aliyempa talaka moja. Shaban alikuwa akiyeyusha nta ya nyuki pale mtaa wa Gongoni, na harufu ya nta na moshi haikumtoka hata akioga. Zamani Batuli aliipenda. Mimba ilipoingia, mume akikanyaga kizingiti tu, mke anakimbilia uani. Wanawake wa mtaani walicheka, wakasema mimba imemkataa mume, yatapita. Lakini wenzake Shaban kazini walimtania kwamba anayetapikwa ni yeye, si chakula, na utani ule ukamchoma. Siku moja alimletea mkewe asali mbichi, naye akatapika mbele ya wageni. Shaban akatamka neno la talaka. Jioni ile Batuli alikuwa mtaa wa Mtendeni kwa mama yake.

Talaka moja ni talaka rejea. Maadamu mtoto hajazaliwa, eda haijaisha, na Shaban anaweza kumrudisha mkewe. Akishazaliwa, wao si mume na mke tena. Wiki zilikwenda bila Shaban kuonekana, mpaka alipotuma salamu kwamba atakuja Ijumaa, baada ya sala.

Asubuhi ile ya Ijumaa Mwanajuma akampeleka bintiye hospitali. Kulikuwa na vidonge vipya, vilivyoletwa kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam. Raymundi, mtoa dawa, alimtafutia Batuli kiti kivulini kwanza, ndipo akamweleza.

— Dada, kichwani mna mahali panapoamrisha tumbo litapike. Harufu hupeleka habari pale. Hata lori likikuyumbisha, habari hufika pale pale. Kidonge hiki kinapaziba masikio.

— Na harufu itakwenda wapi?

— Itakuwepo, utaisikia. Ila habari yake haitapokelewa. Meza mapema, kabla mgeni hajafika. Ukingoja kichefuchefu kianze, utakitapika hata kidonge chenyewe. Na utasinzia kidogo, usiogope.

Shaban alifika na kanzu safi, akamwamkia mama mkwe, akakaa mbali, karibu na mlango. Mwanajuma aliona mikono yake imesuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ngozi imepasuka. Akamsogezea kiti ndani. Shaban akangoja Batuli akimbie. Hakukimbia. Akasogea, akauliza habari za mtoto, akacheka kidogo, akasema Mungu ni mkubwa, kumbe amepona.

Batuli angeweza kunyamaza.

— Sijapona. Nimemeza kidonge cha hospitali.

Uso wa Shaban ukanywea.

— Kumbe mpaka unywe dawa ndipo uweze kukaa na mimi?

— Dawa ya kukaa na wewe haijatengenezwa, Shaban. Nilikaa na wewe bila dawa, nikanenepa. Hii inanyamazisha kichwa tu, pale panapoamrisha kutapika. Harufu yako naisikia hivi sasa. Nilikuja huku na shati lako moja. Nalilalia, natapika, nanawa uso, nalilalia tena.

Shaban akaitazama mikono yake.

— Mimi nilidhani ni moyo wako, akasema.

— Ungeniuliza. Nilikuwa uani, hatua chache tu.

Hapo Shaban akalia bila sauti. Kisha akajifuta, akamgeukia Mwanajuma, akamwomba awe shahidi, kwani anataka kumrudisha mkewe sasa hivi. Batuli akainua mkono.

— Usinirudishe leo. Leo mimi nina dawa, na wewe una majuto. Kesho dawa ikiisha nikakutapikia tena, utatamka nini?



— Sijui, Shaban akasema taratibu, na Mwanajuma akampenda kwa kusema kweli.

— Basi njoo tena Jumapili, Batuli akamwambia. — Siku hiyo sitameza kitu. Njoo ukae, mume wangu, na nikikimbilia uani, unisubiri.