Tanuru Lililoitosha Nyumba

Tanuru la kupasha nyumba joto lilimfia Runa Eyfjord asubuhi moja ya Januari, akiwa jikoni anakata keki ya plamu. Hakushtuka. Lile dude lilikuwa na umri wa mama yake, na nyumba yenyewe, aliyoiacha Amma, bibi yake, ilikuwa kongwe kuliko wote. Hapa kwetu kando ya Ziwa Winnipeg tanuru likizima hukai kuomboleza. Unaita fundi kabla maji hayajaganda na kupasua mabomba.

Kaka yake, Leifur, alimpigia Runa simu wakati fundi bado anavua buti mlangoni.

"Mdogo wangu, weka saizi ileile. Usipunguze hata kidogo."

"Umekuwa fundi tangu lini?"

"Nisikilize tu, Runa."

Angemsikiliza, kwani Leifur ndiye aliyemwachia nyumba. Ilikuwa haki yake yeye mkubwa, lakini alisema, "Chukua wewe, mimi nina pangu," na Runa akalia kwa shukrani mbele ya mwanasheria. Lakini fundi Dalman alishaanza kupima madirisha, kuta, dari, hata nyufa za mlango.

"Watu husoma kibandiko cha tanuru la zamani, wakanunua jingine kama hilo," alisema. "Hili lingepasha shule nzima. Nyumba hii inataka nusu yake. Ukizidisha, litakuwa linawaka na kuzima kutwa."

Hesabu ilikuwa sahihi. Runa akakubali. Mkaguzi wa mji naye akaja, akalizunguka tanuru jipya kama mjomba anayekagua mahari, akabandika stika ya idhini na kuondoka ameridhika kwamba hakuna kifungu cha sheria kilichovunjwa. Kwa yaliyofuata, vifungu havikuwa na neno.

Mchana uleule kahawa ilipoa kikombeni kabla hajaitia maziwa. Akamimina nyingine. Nayo ikapoa. Kipimajoto cha ukutani kilisema nyumba ina joto, na hakikudanganya. Sebule ilikuwa na joto. Ngazi zilikuwa na joto. Baridi ilikuwa mahali pamoja tu.

Nayo ilikuwa inatembea.

Ilizunguka meza. Ikasimama karibu na kiti chake. Kisha kiganja kidogo kikamshika mkono. Hakukiona. Kikang'ang'ania.

Alimpigia Leifur.

"Umeweka dogo," Leifur alisema. Hakuuliza.

"Kaka, humu kuna nini?"

Leifur akanong'ona: "Kuna mtoto. Walimtoa ziwani zamani, wakamleta kwa Amma apate joto. Akafa hajalipata. Amma aliagiza tanuru kubwa ili ashibe, asije akalitafuta joto miilini mwa watu."

"Ulijua."

"Mkubwa ndiye humtunza. Ilikuwa zamu yangu."

"Ukanipa mimi."

"Nina watoto, Runa. Wewe uko peke yako."

Akakata simu. Akakimbilia gari bila koti, akaendesha hadi kwa kaka yake. Jua lilikuwa bado juu.

Leifur hakufungua. Alisimama nyuma ya kioo cha mlango, mkono kwenye kitasa, akikizuia.

"Rudi nyumbani," alinong'ona. "Nakuomba. Usimlete hapa."

"Kaka, nifungulie."

"Nakuomba, mdogo wangu."

Nyuma yake watoto walikuwa mezani wanakula. Yule mdogo akatabasamu, akapunga mkono. Hakumpungia Runa. Alilipungia gari.

Runa akageuka polepole. Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa. Hakuugusa yeye. Ulikuwa umekazwa vizuri, kama sheria za barabarani zinavyotaka, kwenye kifua cha mtu mdogo sana. Kitini hapakuwa na mtu.

Nyuma yake akasikia Leifur akizungusha ufunguo. Mara mbili.

Aliendesha kurudi nyumbani taratibu, bila redio. Angempeleka wapi mtoto yule?

Baadaye fundi wa magari ambaye Runa alimpelekea gari alishindwa kuufungua ule mkanda, akaukata. Kiti nacho amekianika juani kiangazi chote. Ukikibonyeza, bado kinatoa maji, na maji hayo yana vipande vya barafu.