Uji Kwenye Tangi la Samaki

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Ildefonsa hufungua mgahawa wake pale Kabanga. Huchemsha chai na kuchoma chapati. Abiria wanaosubiri basi huingia, na wabadilisha fedha wa mpakani huja kunywa chai kabla ya kazi. Wengi hupenda kukaa karibu na tangi la kioo. Ndani yake mna samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Samaki hao hawatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, wembamba kama vipande vya uzi.

Tatizo lilikuwa hao watoto. Kila mara walikufa.

Mara ya kwanza walizaliwa asubuhi, na kufika mchana hakuonekana hata mmoja. Mara ya pili walidumu siku nne. Kisha maji yakawa meupe, yakanuka, wakafa wote pamoja na samaki wakubwa watatu. Walibaki jike mmoja na dume mmoja tu. Projestus, mume wa Ildefonsa, alisema amechoka na harufu. Watoto wakifa tena, tangi litakaushwa na litawekwa maandazi. Kioo kile ni kizuri, wateja watayaona maandazi vizuri.

Ildefonsa aliendelea kupangusa kioo cha tangi. Tangi lile alilipakata mwenyewe kwenye basi, kutoka Biharamulo hadi Kabanga.

Jumanne moja yule jike akazaa mara ya tatu. Habari zikaenea upesi. Huku kwetu mwanamke akijifungua, watu huja kumwona, na mgeni haji mikono mitupu. Basi wateja wakafanya hivyo hivyo kwa samaki. Ulikuwa mzaha, lakini kila mmoja alitoa. Nduwayo, mbadilisha fedha, alidondosha kipande cha chapati, akampa mzazi pole na hongera. Kondakta wa basi akaweka tonge la ugali. Wanawake wawili waliokuwa wakienda Murusagamba wakaongeza maharage. Mwisho akaja Projestus na kijiko.

"Baba Joyceline, umetia nini humo?" Ildefonsa aliuliza.

"Uji wa ulezi. Mzazi atakunywa nini, maji matupu?"

"Anaishi kwenye maji."

"Ndiyo maana nasema anahitaji kitu kizito."

Ildefonsa aliweka mwiko chini. Alivuka barabara mpaka kwa Uwase, fundi cherehani, ambaye watu humwita Mama Nice. Kabla ya kushona, Uwase alifanya kazi miaka sita kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki.

"Shikamoo, Mama Nice."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

"Njoo unitazamie samaki kabla sijafukuza wateja wote, na mume wangu pamoja nao."

Uwase alikuja, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Alitazama tangi kwa muda. Kisha akauliza ni nani anayewalisha samaki hao.

"Kabanga nzima," Ildefonsa alisema.

Uwase hakumlaumu mtu. Aliomba kikombe na ndoo safi. Alieleza kwamba samaki huyu hawatambui watoto wake. Akiwaona wanapita, huwala. Ndivyo walivyopotea wale wa kwanza. Kwa hiyo watoto watolewe siku ile ile, kwa kikombe, maana wavu huwaumiza. Ndoo itiwe maji ya tangi lile lile, na majani machache ya majini ili wapate pa kujificha. Walichota polepole, wakapata ishirini na watatu.

Kisha akamgeukia Projestus.

"Shemeji, mdomo wa kifaranga ni mdogo kuliko kichwa cha pini. Uji haumfai. Unazama, unaoza, na maji yaliyooza yanamnyima hewa. Wale wa mara ya pili hawakufa kwa njaa. Walikufa kwa ukarimu."

Projestus alitazama ndani ya kikombe chake cha chai.

Uwase akawaonyesha namna ya kuandaa chakula. Alichemsha yai mpaka likawa gumu. Alichukua kipande cha kiini kilicho sawa na punje ya mchele, akakifunga kwenye kitambaa chepesi, akakikamua ndani ya nusu glasi ya maji. Maji yakawa ya manjano. Matone matatu kwenye ndoo yanatosha. Mara nne kwa siku, kidogo kidogo, na maji ya yai yaandaliwe mapya kila siku. Baada ya wiki, wapewe pia dagaa waliooshwa chumvi na mchanga, wakakaushwa, wakatwangwa, wakachekechwa kwa chujio la chai. Mabaki yavutwe kwa mpira mwembamba. Kila siku robo ya maji ibadilishwe kwa maji yaliyolala ndani ya nyumba, ili yasiwe na baridi.

"Na wageni?" Ildefonsa aliuliza. "Nikiwakataza watasema nina roho mbaya."

Uwase alifikiri. "Usiwakataze. Waambie mzazi huyu huletewa maji."

Ikawa hivyo. Aliyetaka kuwaona watoto alileta jagi la maji ya bomba, akalimimina kwenye ndoo ya kulaza maji. Siku za kwanza zilimchosha Ildefonsa. Nduwayo alileta soda, akaambiwa ainywe mwenyewe. Siku ya tano vifaranga wanne walikutwa wamekufa. Projestus alikuwa amewaonea huruma, akamimina glasi nzima ya maji ya yai. Ildefonsa alimweleza upya, tangu mwanzo, huku amefumba macho.

Waliobaki, kumi na tisa, waliishi. Baada ya miezi miwili madume walikuwa na mikia ya rangi. Walipokuwa wakubwa kiasi cha kutoingia mdomoni mwa mama yao, walirudishwa kwenye tangi. Hakuna aliyezungumzia tena maandazi.

Mwezi uliofuata Ildefonsa alikwenda Ngara mjini kwenye harusi. Siku hiyo hiyo jike akazaa tena. Ildefonsa alimpigia Projestus simu mara nne.

"Umewatenganisha?"

"Nimewatenganisha."

"Yai umelikamua kwa kitambaa?"

"Kwa kitambaa."

"Umetia matone mangapi?"

Kwenye simu ilisikika sauti ikihesabu polepole.

"Mama Joyceline," Projestus alisema taratibu, "nimefika kumi na wanne, na hawatulii. Ukinisemesha nitaanza kuwahesabu upya. Kata simu."

Ildefonsa akakata simu.