Samaki wa Matanga ya Dufie

Saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 14 Agosti, samaki walikuwa wakielea ndani ya uzio wa mianzi wa Serwaa, pembeni mwa Ziwa Bosomtwe. Wote walikuwa wamekufa.

Serwaa na mumewe, Opoku, waliwafuga kwa ajili ya matanga ya mwaka mmoja ya binti yao, Dufie, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa. Matanga yaliahirishwa.

"Ulisema tusubiri harufu ya baruti," Serwaa alisema.

"Ndivyo baba alivyofanya. Ziwa likipiga baruti, likatoa harufu hiyo, unatoa samaki."

"Limepiga. Haya, toa."

Opoku alianza kuwaopoa samaki waliokufa.

Jirani yao, Mwalimu Agyapong, alikuja kuwapa pole.

"Shemeji, harufu hiyo hutoka chini ya ziwa," alimwambia Serwaa. "Maji ya chini hayana oksijeni. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, yanazama, na ya chini yanapanda. Ukisikia harufu, samaki wameshakosa pumzi."

"Lakini jana jua liliwaka," Opoku alisema.

"Jua la siku moja. Ziwa si birika la chai, Opoku. Hewa hutangulia, maji hufuata polepole."

Kwa mwiko wa wenyeji, chuma hakiruhusiwi kugusa ziwa lile, na kipimajoto cha mwalimu kilikuwa na ncha ya chuma. Basi mwaka uliofuata, walipofuga samaki wengine wa matanga, mwanzoni mwa Agosti Opoku aliteka maji kwa kibuyu mbali na ufuko. Waliyapima nchi kavu: nyuzi 29. Kisha kipimajoto kikatundikwa kivulini. Wastani wa joto la hewa siku ile ulikuwa 24.

"Tofauti ni tano," mwalimu alisema. "Kila siku maji hupoa kwa sehemu ya kumi ya tofauti hiyo; sehemu ya kumi ya tano ni nusu. Kesho maji yatakuwa kama 28 na nusu. Kesho mnaanzia hapo, na hewa ya kesho. Ni makadirio, si kiapo. Yakikaribia 26, joto la maji ya chini, toeni samaki."

Serwaa aliandika hesabu hiyo kila siku. Jumatano, tarehe 12, hesabu ilifika 26 na kidogo.

"Leo kuna joto," Opoku alisema. "Tungoje kidogo."

"Ngoja wewe. Ulishangoja mwaka jana."

Serwaa aliingia majini. Opoku alimfuata na kikapu. Walikausha samaki kwa moshi siku mbili.

Ijumaa asubuhi harufu ya baruti ilifika kijijini. Samaki waliokufa walielea ufukoni.

Jumamosi wageni wa matanga walikuja wamevaa nyekundu na nyeusi, rangi za msiba. Walikula samaki wa Dufie, wakatosheka. Serwaa hakula.